Kumtambua Nyigu kwa Kazi Yake: Mwongozo wa Kuchunguza Nyigu wa Lamu na Kuandika Mahali Wanakopatikana

Katika nyumba nyingi za mawe za mji wa kale wa Lamu, ukiinua chombo kilichokaa muda mrefu ndani ya kidaka, au ukichungulia pembe ambapo boriti inaingia ukutani, utakuta bonge la udongo mkavu lenye ukubwa wa ngumi ya mtoto. Wenye nyumba hulikwangua kwa kisu wanapofanya usafi wa kuukaribisha mwezi wa Ramadhani, wakalitupa pamoja na utando wa buibui na vumbi la chokaa, na ni wachache wanaojiuliza limeletwa na nani. Bonge hilo ni kiota cha nyigu. Kwa anayetaka kujifunza kuwatambua nyigu wa pwani yetu, kiota kina manufaa kuliko nyigu mwenyewe, kwa sababu hakiruki, hakiumi, na kimehifadhi habari zote za mjenzi wake: udongo alioutumia, windo alilolileta, na tundu alilotokea mtoto wake.

Mwongozo huu nimewaandikia wakazi wa Lamu, Shela, Matondoni, Manda na Pate, pamoja na majirani zetu wa Malindi na Gede, walio na simu yenye kamera na subira ya kukaa kimya kwa robo saa. Ninachokitaka ni kuwa tuweze kusema kwa uhakika nyigu gani wanaishi hapa, na tuyaandike mahali na tarehe kwa namna ambayo mtafiti wa miaka ijayo ataiamini. Njia ninayoipendekeza ni kumtambua nyigu kwa kazi yake kabla ya kumtambua kwa rangi yake. Rangi hudanganya sana katika wadudu hawa: wapo nyigu wa familia mbalimbali waliovaa nyeusi na manjano ileile, na wapo nzi wasio na mwiba wowote walioiga vazi hilo ili ndege wawaogope. Kazi haiigwi kwa urahisi namna hiyo. Anayefinyanga tope, anayechana nyuzi za mbao, na anayemburura mende kwa kushika kipapasio cha mende huyo, kila mmoja ameshajitaja nusu ya jina.

Majina yetu ya kila siku nayo yanahitaji uangalifu. Wapo wanaosema nyigu, wapo wanaosema dondora, wapo wanaosema mavu, na mara nyingi tofauti hiyo inatuonyesha msemaji alikolelewa kuliko inavyotuonyesha mdudu aliyemwona. Katika elimu ya wadudu, nyigu wamo katika oda, yaani kundi kubwa, ya Hymenoptera pamoja na nyuki na sisimizi. Oda hiyo ina spishi zaidi ya 150,000 zilizokwisha kuelezwa na wataalamu, na kati ya hizo zaidi ya 100,000 ni za nyigu. Wanaoishi kwa jamii katika kiota kimoja, ambao ndio tunaowaogopa, ni spishi 1,000 hivi tu. Waliobaki huishi kila jike peke yake, na wengi mno ni wadogo kuliko punje ya mchele, wakifanya kazi ambayo macho yetu hayaioni.

Kabla ya yote hakikisha kwamba uliyemwona ni nyigu. Nyigu ana mbawa nne, ingawa ubawa wa mbele na wa nyuma hushikana kwa vikulabu vidogo wakati wa kuruka hata zikaonekana mbili. Nzi ana mbawa mbili tu, na vipapasio vyake kwa kawaida ni vifupi mno, ilhali vya nyigu hujitokeza wazi mbele ya uso. Nyuki ana manyoya mengi yanayoshika chavua na mwili ulionenepa, na nyigu kwa jumla ana ngozi laini inayong'aa na kiuno kilichobanwa. Sisimizi wenye mbawa wanaojazana kwenye taa baada ya mvua wana vipapasio vilivyopinda kama kiwiko na nundu juu ya kiuno. Ukishavipita vizuizi hivi vitatu, rudi kwenye kazi.

Mjenzi wa lile bonge la kidakani mara nyingi ni nyigu wa jenasi (kundi la spishi zilizo karibu) ya Sceliphron, na spishi inayoonekana kwa wingi Afrika ni Sceliphron spirifex. Ni mweusi, urefu wake ni sentimita mbili hadi tatu, miguu yake ina mapande ya manjano, na kiuno chake, ambacho pia ni cha manjano, ni chembamba na kirefu kama sindano ya kudarizi kofia. Kisiwa chetu ni cha mchanga na mawe ya matumbawe, kwa hiyo tope ni kitu cha kutafutwa, na hapo ndipo penye fursa yako: badala ya kumfuata nyigu mjini kote, msubiri penye tope. Kaa karibu na bomba linalovuja, ukingo wa kisima, au mahali punda wanaponyweshewa maji. Mimi humsubiri nyuma ya nyumba yetu, chini ya bomba ambalo halijapata kufungika vizuri. Hutua asubuhi jua likishapanda kidogo, huinua mkia juu kana kwamba hataki uchafuke, huinamisha kichwa, kisha husikika mvumo mkali wakati anapoikata tope kwa taya na kuiviringa kuwa donge dogo kama mbegu ya mpapai. Halafu huondoka moja kwa moja. Ukitega sikio ndani ya nyumba utausikia mvumo huohuo kidakani, kwani akiwa anaitandaza tope hutetemeka mwili mzima, na kila donge huacha mchirizi mmoja uliopinda kama nusu ya pete. Tope likiwa bado bichi michirizi hiyo huonekana moja baada ya nyingine, ya rangi tofauti kidogo kadiri maji yalivyokuwa. Siku moja mama jirani alinikuta nimechuchumaa pale bombani, akatazama nilichokitazama, akaniambia, "Mwanangu, mwate, yuafanya kazi yake," yaani mwache, anafanya kazi yake. Tukakaa sote wawili tukamwangalia mpaka jua lilipokuwa kali.

Kiota kikavu kilichokwisha kuhamwa kiondoe kwa kupitisha kisu bapa kati ya udongo na ukuta, ukigeuze, na uvitazame vyumba vyake. Utaona mirija iliyolala sambamba, iliyopakwa tope juu yake mpaka ikawa bonge moja. Ndani yake kuna mabaki ya buibui, pengine zaidi ya kumi katika chumba kimoja, na ganda jembamba la rangi ya kahawia aliloliacha mtoto alipokuwa pupa, hatua iliyo kati ya buu na mdudu kamili. Tundu moja la duara mwishoni mwa chumba ni dalili kwamba mwenyewe ametoka salama. Vitundu vingi vidogo kama vya ncha ya pini ni dalili ya wageni, hasa nyigu wadogo wa jenasi ya Melittobia wasiozidi milimita 2, ambao hula mabuu ya mwenye nyumba. Yaandike yote mawili. Mgeni naye ana haki ya kuingia katika orodha ya nyigu wa Lamu.

Ukifungua chumba cha udongo ukakuta viwavi badala ya buibui, umeshaihama familia. Sceliphron ni wa familia ya Sphecidae na huwalisha watoto wake buibui. Wafinyanzi wanaowalisha viwavi ni wa familia ya Vespidae, katika kundi la Eumeninae, na miongoni mwao wapo wa jenasi ya Delta wanaojenga kitungi kimoja kimoja cha mviringo chenye shingo fupi. Tofauti nyingine inaonekana nyigu akiwa ametulia: wa Vespidae wengi hukunja kila ubawa kwa urefu, ukawa mwembamba kama ukanda, lakini wa Sphecidae huzilaza mbawa zao bapa bila kuzikunja. Tazama macho pia. Jicho la Vespidae lina bonde upande wa ndani, likafanana na figo au na punje ya kunde. Alama mbili hizi, ubawa uliokunjwa na jicho lenye bonde, zinatosha kukuongoza hata katika picha mbaya.

Buibui vilevile huwindwa na familia ya Pompilidae, lakini hao hawaweki buibui wengi. Mmoja tu, mara nyingi mkubwa kuliko mwindaji, hudungwa sindano ya kumlemaza, kisha huburutwa ardhini kuelekea shimoni. Ukiona nyigu anayekimbia huku na huko chini, mbawa zikitikisika bila kukoma na vipapasio vikipapasa kila ufa, mwandike kuwa wa Pompilidae, na ukimpata akiwa na windo lake mpige picha buibui kwa uangalifu uleule.

Chini ya mapaa ya makuti kazi hubadilika kutoka udongo kuwa karatasi. Nyigu wa jamii huchana nyuzi nyembamba kutoka kwa mbao kuukuu, huzitafuna pamoja na mate, na kujenga sega moja la rangi ya kijivu linaloning'inia kwa kikonyo, bila kifuniko cha nje, vyumba vyake vikiwa vimeelekea chini. Katika pwani hii jenasi tatu ndizo za kuzikumbuka. Belonogaster ana miguu mirefu inayoning'inia anaporuka na kiuno kirefu kinachopanuka polepole mpaka kuwa tumbo. Polistes hana kiuno kirefu cha namna hiyo, na tumbo lake limechongoka pande zote mbili kama pia. Ropalidia kwa kawaida ni mdogo kuliko hao wawili. Hapa nasisitiza usalama, kwa kuwa hawa huitetea nyumba yao. Simama mbali kwa hatua kadhaa, tumia uwezo wa kamera kuvuta picha karibu, usipumulie sega, usilitikise dari, na usimtume mtoto kulipiga kwa fimbo. Nyigu kwa kawaida hauachi mwiba wake mwilini kama afanyavyo nyuki wa asali, kwa hiyo mmoja aweza kudunga mara nyingi. Aliyedungwa akivimba midomo au koo, akapata shida ya kupumua au akahisi kizunguzungu, apelekwe hospitali wakati huohuo. Kwa watu wa visiwani hiyo ina maana ya kutafuta boti bila kungoja kuona kama hali itatulia.

Nyigu ninayependa wasomaji wamtafute kwa bidii zaidi ni Ampulex compressa, mwindaji wa mende. Ni wa rangi ya kijani na buluu inayong'aa kama kigae cha kioo, jike akiwa na urefu wa sentimita mbili na kidogo, na mapaja ya miguu yake ya kati na ya nyuma ni mekundu. Mara ya kwanza kumwona ilikuwa alfajiri, kwenye sakafu ya chokaa ya choo chetu katika mtaa wa Langoni, nikiwa na taa mkononi. Mende mkubwa mwekundu alikuwa anatembea taratibu, kwa miguu yake mwenyewe, akiongozwa na nyigu aliyekuwa anarudi kinyumenyume huku ameshika kipapasio cha mende kwa taya, kama mtu anayemvuta punda kwa kamba. Sikuelewa nilichokiona mpaka niliposoma habari zake. Nyigu huyu humdunga mende mara mbili: kwanza kifuani, ili miguu ya mbele ilegee kwa dakika chache, kisha kichwani, katika sehemu za neva zinazomfanya mende aanze kutembea kwa hiari yake. Baada ya hapo mende anaweza kutembea lakini hana nia ya kukimbia. Nyigu humkata nusu ya kila kipapasio, akanywa majimaji yanayotoka, akamwongoza mpaka tunduni, akataga yai moja kwenye mguu wake, na kuuziba mlango kwa vijiwe. Buu hula nje kwa siku kadhaa, kisha huingia ndani ya mwili wa mende, na humo humo hujifanyia kifukofuko.

Usimchanganye na nyigu mwingine wa kijani anayeng'aa ambaye hupatikana mumu humu kwetu, Stilbum cyanurum. Huyu ni mnene, ngozi yake imejaa vishimo vidogo kama kitumbua, na akiguswa hujikunja akawa mpira. Yeye hajengi wala hawindi. Hutaga ndani ya viota vya udongo vya wengine. Ukimwona anazungukazunguka kidakani, tafuta kiota kilicho karibu.

Yapo na matuta ya mchanga ya Shela, ambayo ndiyo hazina ya maji matamu ya mji wetu, na kwa anayetafuta nyigu ni hazina ya namna nyingine. Hapo huchimba nyigu wa jenasi ya Bembix, yenye spishi zaidi ya 300 duniani. Jike hufukua kwa miguu ya mbele kwa kasi hata mchanga ukaruka nyuma yake kama maji ya mkondo, na mdomo wa juu umerefuka ukawa kama mdomo wa ndege. Humletea mtoto wake nzi siku baada ya siku mpaka akue, tofauti na wale wanaojaza chumba mara moja na kukifunga. Hatua zako mwenyewe zinaweza kukifukia kiota, basi kaa mahali pamoja. Na ukiona kitu kama sisimizi mkubwa mwenye manyoya mekundu au madoa meupe anakimbia mchangani peke yake, usimshike: ni jike asiye na mbawa wa familia ya Mutillidae, na mwiba wake unauma vibaya.

Wale wadogo mno siwezi kuwaeleza kwa kirefu, kwa kuwa wanahitaji hadubini, lakini usiwaache kabisa. Kila kuyu la mkuyu lina nyigu ndani yake, na mkuyu, Ficus sycomorus, huchavuliwa na nyigu mmoja wa pekee, Ceratosolen arabicus; pasua kuyu lililoanza kulainika na utawaona. Katika mashamba ya mahindi ya pwani wapo Cotesia flavipes, nyigu wadogo wa asili ya Asia walioachiliwa pwani ya kusini mwa Kenya mwaka 1993 na watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, ili kupambana na Chilo partellus, kiwavi anayetoboa mabua, ambaye mwenyewe alitoka Asia. Ukipasua bua lililotobolewa ukakuta kiwavi aliyekufa amezungukwa na vifukofuko vyeupe kama punje za mchele uliorundikana, umekuta kazi ya jenasi hiyo.

Picha zako zikusaidie baadaye, si kukupendeza tu. Piga moja kutoka juu, moja kutoka ubavuni ionyeshe kiuno, moja ya uso, na moja ya mbawa zikiwa zimetulia. Weka rula karibu na kiota, au kama nyigu hakukuruhusu, pima baadaye kitu alichokuwa amekalia. Ukipata picha safi ya vipapasio, hesabu vipingili vyake: majike wa nyigu wenye mwiba wana 12 na madume wana 13. Dume hana mwiba, kwa sababu mwiba ni kifaa cha kutagia mayai kilichobadilika kuwa silaha, na rangi za uso wa dume mara nyingi hutofautiana na za jike hata watu wakawaandika kama spishi mbili.

Baada ya hayo simama pale elimu yako inapokomea. Niliwahi, katika mwaka wangu wa kwanza, kuwapa nyigu wangu majina kamili kwa kuwalinganisha na picha za mtandaoni zilizopigwa Ulaya, na nikawaandika Vespula baadhi ya wale wa makuti. Jenasi hiyo haina asili katika pwani yetu. Ni ya maeneo ya baridi ya kaskazini mwa dunia. Kumbukumbu zile zote ilinibidi nizirekebishe moja moja, na mbili hazikuweza kurekebishwa kwa kuwa sikuwa nimehifadhi picha. Ukiandika "Polistes, spishi haijajulikana" ukaambatanisha picha nne, umefanya kazi inayoweza kuendelezwa. Ukiandika jina kamili kwa kukisia, umeweka nukta ya uongo kwenye ramani, na nukta ya uongo hunakiliwa na wengine.

Kumbukumbu kamili ina mahali, tarehe, saa, jina la mwandishi, na kazi aliyokuwa akiifanya nyigu. Kwenye mahali ndipo watu wanapokosea. "Shela" peke yake haitoshi, kwa maana ipo Shela ya Lamu na ipo Shela ya Malindi. Na "Malindi" peke yake yaweza kuwa mji wa Kaunti ya Kilifi au mtaa wa mji wa Unguja. Andika hivi: Kenya, Kaunti ya Lamu, kisiwa cha Lamu, Langoni, ndani ya nyumba ya mawe, kidakani, kisha nambari za mahali kutoka kwenye simu (mji wetu uko karibu na nyuzi 2 dakika 16 kusini na nyuzi 40 dakika 54 mashariki). Taja kama kiota kilikuwa kwenye chokaa, boriti, makuti au mti, na kama ni mkoko, ni mkoko gani: mchu, muia, au mkandaa. Andika pia ulipotafuta bila kuona: "nusu saa bombani, hakuna aliyekuja" ni habari, maana bila hizo hatujui kama nyigu wameadimika au watazamaji ndio walioadimika.

Nyigu waliokufa dirishani wahifadhi kwenye kichupa chenye spiriti, na kikaratasi chao kiandikwe kwa penseli na kiwekwe ndani ya kichupa, kwa kuwa wino huyeyuka. Ukipenda kuwakausha na kuwachoma pini, tumia pini zisizoshika kutu. Hewa yetu ya chumvi hula pini ya kawaida upesi, kutu ikampasua mdudu kifuani. Sanduku liwekwe juu ya meza ambayo miguu yake imesimama ndani ya vikopo vya maji, la sivyo sisimizi watamaliza kazi ya mwaka kwa usiku mmoja. Katika hifadhi, kama msitu wa Arabuko-Sokoke huko Malindi, usikusanye mdudu yeyote bila kibali. Piga picha tu.

Kwa nini mahali paandikwe kwa ukali huu? Kwa sababu mahali penyewe ni sehemu ya utambuzi. Belonogaster hupatikana hasa Afrika, na wachache hufika Bara Arabu na India, kwa hiyo jina hilo ni la kutarajiwa hapa. Polistes wako karibu dunia nzima ya joto na ya wastani, kwa hiyo jina la jenasi halikwambii mengi mpaka uijue spishi. Ampulex compressa yuko Afrika, kusini mwa Asia na visiwa vya Pasifiki, na huko Hawaii alipelekwa na watu mwaka 1941 ili apunguze mende. Nyigu wakubwa wa jenasi ya Vespa ni wa Asia zaidi, na ni Vespa orientalis anayefika Arabuni na kaskazini-mashariki mwa Afrika. Ukidhani umemwona hapa, usiseme haiwezekani, wala usiseme ndiye. Piga picha nyingi na uziwasilishe mapema.

Mipaka hiyo huhama. Vespula germanica wa Ulaya alionekana Cape Town mwaka 1974, na Polistes dominula akaonekana katika jimbo lenye mji huo mwaka 2008. Sceliphron curvatum, aliyetokea maeneo ya milima ya Himalaya, aligunduliwa Austria mwaka 1979 na tangu hapo ameenea sehemu kubwa ya Ulaya. Wajenzi wa udongo husafiri kwa wepesi kuliko wengine, kwa sababu bonge moja lililogandamana chini ya kabati, ndani ya kontena au kwenye ubavu wa jahazi hubeba watoto kadhaa waliofungiwa na chakula chao cha safari. Visiwa vyetu vimepokea vyombo vya kusi na kaskazi kwa karne nyingi, na tangu Mei 2021 gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu linapokea meli kubwa. Orodha ya nyigu waliokuwepo tunaihitaji sasa, kabla wageni hawajazoeleka tukadhani ni wenyeji, na hilo ndilo linalonifanya nikwangue kila bonge kwa uangalifu na kuliandika.

Chombo rahisi cha kuanzia orodha hiyo ni fungu la matete au mianzi. Kata vipande 20 vya urefu wa sentimita 15 hadi 20, vyenye matundu ya milimita 3 hadi 12, kila kimoja kikiwa kimezibwa upande mmoja na fundo lake. Vifunge pamoja, uvitundike kwa waya chini ya upenu mahali pasipofikiwa na mvua, na upake waya grisi ili sisimizi wasiteremke. Kagua kila wiki mbili. Tete lililozibwa kwa tope, kwa nyasi au kwa utomvu litoe, andika tarehe, liweke ndani ya chupa iliyofungwa kwa kitambaa, mahali penye kivuli, na badala yake weka jingine. Aliyeziba kwa nyasi huenda akawa Isodontia, nyigu anayewalisha watoto wake senene na nyenje, ilhali tete lililozibwa kwa vipande vya majani kwa kawaida ni la nyuki wakata majani, si la nyigu. Picha za watakaotoka zinaweza kupakiwa kwenye iNaturalist, tovuti ya kuwekea kumbukumbu za viumbe, na vielelezo vyenye vikaratasi vilivyokamilika vinaweza kupelekwa kwenye mkusanyo wa wadudu wa Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi. Tundika fungu moja kwenye nyumba ya mawe, moja kwenye nyumba ya makuti, na moja ukingoni mwa mikoko. Kisha, mafungu yale matatu yakishakaa mwaka mzima wa kusi na kaskazi, linganisha ni nani aliyeziba matete ya wapi, na kwa mwezi gani.